Ng'ombe Huyu ni wa Nani?

Ninyi mnaosoma mambo ya mashine na mifugo pale chuoni Busitema, na ninyi mnaopita kwangu Bulumbi mmevaa fulana zenye maandishi mgongoni, kila mara mnaniuliza swali moja: "Mama Daktari, kwa nini wazee hawapendi teknolojia?" Nani kawaambia? Mimi nilikuwa wa kwanza kijijini hapa kununua tochi ya kuchaji kwa jua. Simu yangu ina picha za ng'ombe nyingi kuliko za wajukuu, na wajukuu wameshalalamika. Nisichopenda ni mtu kuniletea jibu kabla hajauliza swali. Sikulipenda hilo hata nilipokuwa katika kazi ya serikali, na serikali ilinilisha miaka thelathini na mmoja.

Niseme na hili mapema, maana mtalisikia kwa wengine. Mimi si daktari. Nilikuwa msaidizi wa mifugo, yule anayepanda baiskeli na sanduku la dawa nyuma, anayeingia matope mpaka magotini na kupigwa mateke. Watu waliniita Daktari kwa sababu daktari mwenyewe walimwona mara moja kwa mwaka, naye alikuwa ndani ya gari.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Ekisa, mtu mrefu wa kabila la Wateso aliyekuwa karibu kustaafu nilipoajiriwa. Alifundisha kwa kuninyang'anya vifaa. Wiki ya kwanza alichukua kipimajoto changu akakitia mfukoni mwake. Kila tulipofika kwenye ng'ombe mgonjwa nilinyoosha mkono, naye alitikisa kichwa. "Kwanza angalia," alisema. Basi nikajifunza kufunua ukope, maana ukope mweupe ni ugonjwa wa ndorobo. Nikajifunza kupapasa tezi chini ya sikio, maana zikivimba ni ndigana, homa ya kupe. Nikajifunza kusimama tu na kutazama kama ng'ombe anaendelea kucheua ukimkaribia, au anaacha. Mwezi ulipokwisha akanirudishia kipimajoto. "Sasa kitakusaidia," alisema. "Zamani ulikuwa unakisaidia wewe."

Lakini somo kubwa alinipa baada ya kosa, na kosa lenyewe nalieleza nikiwa nimeficha uso.

Nilikuwa kijana, mwepesi, napenda kazi ionekane. Siku moja huko Paya nilifika kwenye boma la mtu mmoja nikakuta dume linasumbua, linapigana na kila kitu, limeshavunja ua. Mwenye boma akasema, "Hii dume nachosha mimi sana." Nikashuka kwenye baiskeli, nikatoa koleo la kuhasi, vijana wakamwangusha, nikamhasi. Dakika kumi tu. Niliondoka nikipiga mluzi. Kesho yake nikaambiwa dume lile halikuwa la mwenye boma. Lilikuwa la shemeji yake, aliyelileta pale makusudi lipande majike. Maji yakimwagika hayazoleki, na haya yangu hayakuwa maji.

Mzee Ekisa alinipeleka kuomba radhi. Tulikaa kwa yule shemeji kutwa nzima. Hakunitetea hata neno moja. Tulipokuwa tunarudi, ndipo aliposema: "Swali la ng'ombe ni wa nani haliulizwi kwa kusimama. Ukiuliza umesimama utapata jina moja. Ukiketi utapata ng'ombe mwenyewe."

Kwa walio wageni na huku, nieleze kidogo. Msamia, Mjapadhola, Mteso, wote ni wamoja kwa hili: mtu mwenye akili haweki ng'ombe wake wote kwenye boma moja. Mmoja anampeleka kwa rafiki, mwingine kwa mjomba, mwingine kwa mkwe, ili ugonjwa au mwizi akija asimalize kila kitu kwa siku moja. Kwa hiyo unaweza kukuta mtu ana ng'ombe sita, na bomani mwake mna sita, lakini si wale sita. Ukimwuliza una ng'ombe wangapi, atakutazama kama umemwuliza ana nguo ngapi za ndani.

Haya. Watu wa Hereni walikuja nikiwa nimeshastaafu.

Tuliwaita hivyo kwa sababu kampuni ilikuwa na jina refu lisilokaa mdomoni, na kazi yao ilikuwa kuwatia ng'ombe hereni masikioni. Hereni ile ilizungumza na simu. Ilisema ng'ombe yuko wapi, amelala au anatembea, na kama ametoka mahali pake bila ruhusa. Walifanya mkutano kwenye uwanja wa kanisa, wakasimamisha hema, wakagawa soda na kofia. Kijana mmoja aliyetoka mjini alisema haya ni mapinduzi, na kwamba habari za ng'ombe wetu ni dhahabu.

Bibi Nekesa, mjane mwenye mtamba mmoja, akainua mkono. "Hapa Busia dhahabu tunajua," akasema. "Watu nachimba kila siku. Sasa kama kwa ngombe yangu kuna dhahabu, mbona mimi napewa kofia?"

Watu walicheka mpaka soda zikamwagika. Yule kijana naye alicheka, akasema ni swali zuri sana, kisha akaendelea na jambo lingine. Nimeona hilo mara nyingi katika mikutano ya namna hiyo. Swali likisifiwa, jua halitajibiwa.

Pamoja na kuona hayo yote, nikajiunga nao. Ndiyo, mimi. Walitaka mtu anayejulikana awatembeze nyumba kwa nyumba, wakaniita Balozi wa Jamii, wakanipa fulana iliyonifika magotini na buti za mpira. Sitawadanganya kwamba nilifuata buti. Ukistaafu, simu inanyamaza. Mtu uliyemzalishia ng'ombe mara nne anakupita barabarani na salamu fupi kwa sababu ana haraka ya kumwona msaidizi mpya. Nilifurahi kuitwa tena. Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Niliyetembea naye aliitwa Athieno, binti wa Kijapadhola aliyesoma hapo hapo Busitema. Kadi yake ilisema yeye ni Mratibu wa Furaha ya Mfugaji. Nilimwuliza hiyo furaha anairatibu vipi, akasema hajui, kadi zilikuja zimeshachapwa. Msidhani namcheka. Msichana yule alifanya kazi kama punda. Mkataba wake ulikuwa wa miezi mitatu mitatu, na kila asubuhi mkubwa wake alimtumia idadi ya hereni za siku hiyo pamoja na picha ya mkono unaopiga makofi. Alipanda juu ya kichuguu kutafuta mtandao ili ahudhurie mkutano wa simu, na mkutano wenyewe ulihusu jinsi ya kupunguza mikutano. Mimi nilimfundisha kutia hereni: katikati ya sikio, baina ya mishipa miwili mikubwa, mshike pua kwanza, na usisahau dawa ya inzi. Mikono yake ilikuwa mizuri. Ng'ombe hawakumwogopa.

Na mashine yenyewe haikuwa bure kabisa. Mtamba wa Bibi Nekesa alizama kwenye kinamasi, na ni hereni iliyotuonyesha mahali. Tulimtoa akiwa hai. Tangu siku hiyo Bibi Nekesa aliivaa ile kofia mpaka kanisani. Ila siku nyingine simu ilituambia ng'ombe fulani amepumzika vizuri, tukaenda tukakuta amelala kwa ndigana, hawezi kuinuka. Mambo yalikuwa hivyo, huku na huku.

Siku yenye kisa changu tulifika kwa Wandera, jirani yangu hapa Bulumbi. Bomani mwake kulikuwa na maksai wawili, Moshi na Kasuku. Moshi ni wa kijivu, mtulivu. Kasuku anatoa sauti wakati wote, ndiyo maana ya jina. Athieno akatoa simu, akauliza mwenye ng'ombe ni nani.

"Kasuku ndiyo yangu," Wandera akasema. "Moshi ni ya Owor wa Paya. Lakini iko hapa kwangu, sisi nalima pamoja. Mvua ikianza anachukua zote mbili, analima kwake kwanza, halafu anarudisha nalima kwangu."

Jambo hilo nililijua vizuri kuliko Wandera alivyolieleza. Owor na Wandera kila mmoja ana maksai mmoja, na maksai mmoja halimi. Wameunganisha hivyo tangu baba zao.

Athieno akanitazama. Fomu ile kwenye simu ilikuwa na nafasi ya jina moja na namba moja. "Mama, inakataa majina mawili," akasema. Idadi ya siku ile tulikuwa hatujaifikia hata nusu, na jua lilikuwa limepanda. Mimi nilikuwa na mguu mmoja tayari juu ya pikipiki.

"Andika Wandera," nikasema. "Wote wako kwake."

Nilisema hivyo tu, nasi tukaondoka.

Mvua za kwanza zilishika mwezi wa tatu, za nguvu. Wandera alikuwa amevuka kwenda Kenya matangani kwa shemeji yake, na simu yake ilikuwa imekwisha chaji. Alikuwa ameshamwambia Owor, mvua ikishika njoo uwachukue, usiningoje. Owor akaja asubuhi, mama yake Wandera akamfungulia maksai, naye akashika njia ya Paya na nira begani. Walipovuka mpaka wa wilaya kuingia Tororo, iliko Paya, hereni zikatuma onyo kwa simu ya Wandera. Simu ilikuwa imezimika. Kampuni ilikuwa imepanga kwamba mwenye ng'ombe asipojibu kwa saa mbili, ujumbe uende polisi wenyewe. Ukaenda.

Athieno alinipigia akilia. Owor amekamatwa njiani, yuko kituo kidogo cha polisi karibu na Paya, na gari la kumpeleka Tororo mjini linakuja saa tisa. Alikuwa amejaribu kuufuta ujumbe, lakini mashine ilikubali namba ya mwenye ng'ombe peke yake. Alipopiga kampuni alijibiwa na sauti iliyorekodiwa: ombi lako limepokelewa.

Niliita bodaboda. Njiani nikagundua nimevaa fulana yao. Nilimwomba dereva asimame, nikaigeuza ndani nje nyuma ya migomba.

Nilimkuta Owor ameketi chini ukutani, bila viatu, bila mkanda. Owor ni mzee wa kanisa. Ana wajukuu tisa na hajawahi hata kugombana na mtu kwa mpaka wa shamba. Vijana kama ishirini walikuwa wamejaa nje ya ua wa kituo, wengine na fimbo, wanasema mwizi wa ngombe, mwizi wa ngombe. Mnajua huku kwetu mwizi wa ng'ombe anafanywa nini kabla ya kufika mahakamani. Na hata akifika salama, kesi ya namna hiyo inakula wiki nyingi, na mvua ya kupandia haina wiki nyingi. Mwaka mzima wa nyumba ile ulikuwa umeketi pale chini pamoja naye. Niliogopa, na niliona aibu.

Askari wa zamu alikuwa kijana mwenye heshima. "Mama, mimi nafuata meseji," akasema, akanionyesha simu. "Inasema ngombe mbili ya Wandera imeibiwa. Huyu iko na ngombe mbili ya Wandera. Unataka mimi nafanya nini?"

"Mmoja ni wake mwenyewe."

"Hapa imeandikwa Wandera."

"Niliandikisha mimi."

Akanitazama. "Sasa uliandikisha uongo?"

Nikamjibu kwa swali. Nilimwuliza kwao ni wapi. Akasema Kumi, kule kwa Wateso. Nilimwuliza kama amewahi kulima kwa maksai. Akacheka kidogo, akasema baba yake alimwamsha kwa kazi hiyo kila msimu mpaka alipoingia polisi.

"Basi wewe unajua," nikamwambia. "Maksai waliozoeana, kila mmoja ana upande wake. Mwache Owor atue nira, umtazame."

Hiyo ndiyo elimu ambayo hakuna fomu iliyowahi kuiuliza. Katika jozi ya plau, mmoja hutembea ndani ya mfereji uliokwisha kulimwa, upande wa kulia, na mwenzake hutembea juu ya ardhi ngumu, upande wa kushoto. Wakishazoea, ukiwabadilisha wanajikwaa kama mtu aliyevaa viatu kinyume. Na hawaendi kwenye nira kwa mtu wasiyemjua. Watazunguka, watarusha vichwa, watakukanyaga.

Askari alifikiri, kisha akamwashiria Owor asimame. Owor akainuka taratibu, akishika suruali kwa mkono mmoja. Akachukua nira yake iliyokuwa imeegemezwa ukutani, akaitua katikati ya ua. Wale maksai walikuwa wamefungwa kwenye nguzo. Askari mwenyewe akawafungua kamba. Owor hakuwavuta wala kuwapiga. Aliita tu kwa Kidhopadhola, lugha ya kwao, kwa sauti ya kawaida ya mtu anayeita watu wake kula.

Moshi akaja kwanza. Akapita mbele ya Owor, akazunguka, akasimama kulia kwa nira, akainamisha shingo. Kasuku akaja akilalamika kama kawaida yake, akasimama kushoto, akamsukuma mwenzake kwa ubavu apate nafasi. Wakatulia hivyo, wakingoja kufungwa.

Kelele za nje ya ua zikaisha. Kijana mmoja mwenye fimbo akaitazama fimbo yake, akaitupa kwenye majani.

Askari aliitazama simu, akawatazama maksai, akaitazama simu tena. "Ngombe ya kuiba haiwezi kufanya hivi," akasema. Kisha akaleta karatasi. "Mama, andika hapa yote. Kama ni uongo, nakufunga wewe." Nikaandika. Niliandika kwamba jina lile nililiweka mimi, nikijua si sahihi, kwa sababu nilikuwa na haraka. Miaka thelathini na mmoja niliandika ripoti, na hiyo ndiyo fupi kuliko zote na ngumu kuliko zote.

Owor aliporudishiwa mkanda aliuliza jambo moja: "Hawa wamekunywa maji?" Akawapeleka kwenye bomba. Nikamfuata. Nilikuwa nimepanga maneno, lakini yeye akatangulia.

"Mama Daktari," akasema, bila hasira. "Ile mashine haijui mimi. Ule msichana haijui mimi. Wewe unajua."

Nikasema, "Nimekosa, Owor." Akaitikia kwa kichwa, akasema mvua haingoji, akaondoka na maksai wake. Alipanda kwa wakati. Lakini wiki tano hakupita kwangu, naye alikuwa mtu wa kupita kila siku ya soko. Niliwaza sana maneno yale. Hasira za watu nimezizoea. Mtu aliyekuamini akikwambia ukweli kwa upole, hapo huna pa kuegemea.

Athieno aliandika kwa wakubwa wake akaomba fomu iongezwe nafasi ya jina la pili, na nafasi ya maelezo. Akajibiwa kwa picha ya mkono unaopiga makofi. Baadaye kampuni ikatuma ujumbe kwa wafugaji wote kuwajulisha jinsi inavyopambana na wizi, na ndani yake kulikuwa na habari ya mshukiwa aliyekamatwa akivusha ng'ombe wawili kwenda Tororo. Owor wetu alikuwa amegeuzwa kuwa mafanikio. Msimu wa pili hereni zikanyamaza, ofisi ikafungwa, na yule kijana wa dhahabu nasikia sasa yuko kampuni nyingine, ya kuku. Kasuku na Moshi bado wanazivaa. Ziko imara sana, nilizitia vizuri.

Mkataba wa Athieno uliisha bila mtu kumwambia kwa mdomo. Simu ya kazi ilijizima tu. Akaja kwangu akiwa amevaa gauni lake la kawaida, akasema anataka kwenda Paya kuomba radhi. Nikamwambia radhi ile ni yangu. Akasema yeye ndiye aliyebonyeza. Basi tukaenda wote wawili.

Owor alikuwa anapalilia mtama. Alitupokea vizuri kuliko tulivyostahili. Mkewe alituletea maji ya kunywa na viti viwili. Mimi nikaketi. Athieno, kwa woga, akabaki amesimama na daftari mkononi, akaomba radhi yake, kisha akasema yeye na wenzake wawili wanajaribu kutengeneza kitu chao wenyewe, kidogo, na safari hii anataka kuuliza sawasawa. Akamnyooshea kidole Moshi, aliyekuwa amefungwa kwenye kivuli cha ghala.

"Baba, hii ngombe ni ya nani?"

Owor akaweka jembe chini. Alinitazama mimi kwanza, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile nikaona meno yake.

"Kaa chini, mtoto," akasema. "Hiyo si swali ya kusimama."

Athieno akaketi, akafungua daftari. Owor alianza na shangazi ya babu yake, alivyoolewa ng'ambo ya mto na mahari yakaja na jike mmoja mwekundu mwenye pembe iliyovunjika. Ilipofika saa kumi tulikuwa tumekula, Athieno alikuwa amegeuza kurasa sita, na Moshi alikuwa bado hajazaliwa.